VYUMA VYA PIKAPU: NAFASI HUONGEZEKA, NGUVU HAIONGEZEKI

(Mazungumzo na viongozi wa vikundi na madereva)



Leo tuongee juu ya pikapu. Vikundi vyetu vingi vimenunua pikapu kwa shida, kwa michango ya miezi mingi. Kisha mnaona mzigo mrefu hauingii. Bodi ya pikapu ya kebini moja ina urefu wa kama mita 2.3, na mabati ya kuezekea mara nyingi ni mita 3. Mbao nazo ni ndefu zaidi. Ndipo mnaamua kuweka vyuma vya kukingama, yaani vyuma viwili vinavyolala kutoka ubavu mmoja wa bodi hadi mwingine, ambavyo mnaweza kuvisogeza mbele au nyuma kulingana na mzigo.

Ni wazo zuri. Lakini nataka mwende nyumbani na neno moja: chuma kinaongeza nafasi, hakiongezi nguvu ya gari. Springi ni zile zile, tairi ni zile zile, breki ni zile zile.

Sasa, kazi yenyewe. Kaeni na fundi wenu wa jua kali, mzungumze haya kabla hajawasha mashine.

Kwanza, vyuma visichomelewe moja kwa moja kwenye bodi. Bati la bodi ni jembamba. Moto huunguza rangi, na baada ya mvua chache kutu inaanza kula. Afadhali fundi aweke reli mbili, moja kila ubavu, zenye mashimo kila sentimita 10. Chuma cha kukingama kinakaa juu ya reli na kufungwa kwa bolti. Ukitaka kukisogeza, unafungua bolti, unahamia shimo lingine, unakaza.

Pili, mahali reli inaposhika bodi, wekeni kipande cha bamba nene upande wa ndani, ili uzito usambae badala ya kuvuta bati mahali pamoja. Katikati wekeni raba. Kila shimo lipakwe rangi ya kuzuia kutu siku hiyo hiyo, si kesho.

Tatu, kabla ya kutoboa, chungulieni upande wa chini. Paipu ya kujazia mafuta hupita ubavuni mwa bodi, na nyaya za taa za nyuma ziko karibu. Na kama kuna kuchomelea chochote kwenye gari, fundi atoe kwanza waya wa betri, la sivyo anaweza kuunguza altaneta.

Nne, bolti ziwe ngumu. Angalieni kichwani: bolti nzuri ya kazi hii imeandikwa 8.8. Ile isiyo na alama yoyote msiiamini. Nati iwe ya kujifunga, isiyolegea kwa mtikiso.

Tano, pimeni kama vyuma vimekaa sawa. Chukua futi kamba, pima kutoka pembe ya mbele kulia hadi pembe ya nyuma kushoto, halafu pembe zile nyingine mbili. Vipimo vikilingana, vyuma viko sawa. Visipolingana, mzigo utakuwa unavuta upande.

Mkimaliza, pakeni mstari mdogo wa rangi kutoka kwenye nati hadi kwenye chuma. Kila asubuhi dereva akiuangalia mstari ule atajua kama nati imezunguka. Baada ya kilomita 50 za kwanza, kazeni tena. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Tuje kwa kupakia. Mizigo mizito ikae chini ndani ya bodi, karibu na kebini. Juu ya vyuma wekeni vitu virefu lakini vyepesi. Mzigo ukining'inia sana nyuma, magurudumu ya mbele yanakuwa mepesi na usukani hautii vizuri. Na msisahau kufunga kwa mbele na nyuma, si kwa kukatiza tu. Mkifunga breki ghafla, mabati huteleza kuelekea kebini, na dereva yuko hapo. Tumieni kamba nzuri. Blada ya tiyubu inarefuka. Inafaa kushikilia turubali, haifai kushikilia mbao.

Hesabu nayo ni rahisi. Chukua pikapu ya tani moja. Magunia 15 ya viazi ya kilo 50 ni kilo 750. Watu watatu kebini ni kama kilo 210. Vyuma na reli ni kama kilo 40. Umefika kilo 1,000. Nafasi juu bado iko, lakini gari limejaa. Someni kitabu cha gari lenu muone kiwango chake.

Nimeacha la maana zaidi hadi mwisho. Soko likiisha jioni, akina mama wamechoka, matatu zimejaa, na vile vyuma vinaonekana kama viti. Mtu anapanda, anaambiwa "shika chuma". Wapendwa, chuma kile kimetengenezwa kwa mzigo uliofungwa. Mtu hajafungwa. Gari likiingia shimo au likipiga kona, mtu aliye juu ndiye wa kwanza kuanguka, na uzito wake huko juu unalisaidia gari lenyewe kupinduka.

Wengine watasema dereva akatae. Atamkatalia nani? Mwenyekiti? Shemeji yake? Kijana wa watu hawezi kubishana na wazee barabarani usiku unapoingia. Kwa hivyo uamuzi ufanywe mkutanoni, mchana, uandikwe katika kumbukumbu: hakuna mtu juu ya vyuma wala juu ya mzigo. Na katika kitabu cha safari, pamoja na pesa za mafuta, wekeni nauli ya wauzaji kurudi nyumbani kwa matatu. Bila nauli hiyo, sheria yenu ni maneno matupu, maana mtu asiye na nauli atapanda tu.

Mkutano ujao, kila kikundi kije na mambo mawili: uzito ambao gari lenu linaruhusiwa kubeba, na kiasi cha nauli mliyotenga. Tutayasoma mbele ya wote.