Mzimamoto Wetu ni Mgonjwa, Tufanye Nini?

(Maneno tuliyowaambia viongozi wa vikundi vya kujisaidia katika mkutano wao wa mwezi)

 

Leo tumekuja kwa ajili ya mtu mmoja. Wengi mmeshajua ni nani, lakini jina lake hatutalitaja hapa wala halitaandikwa katika jarida, maana mkewe alituomba hivyo na ni haki yake. Tumwite mzimamoto wetu. Ni mwana wa hapa. Miaka kumi na minne amekuwa akizima moto wa watu wengine katika kaunti hii. Soko lilipoungua usiku ule, ni yeye na wenzake wawili walioingia upande wa maduka ya magodoro, na mtungi wa hewa ulikuwa mmoja kati yao watatu. Alitema makohozi meusi siku tatu. Kuna watu wameketi hapa ambao bidhaa zao zilitolewa kwa mikono yake.

Mwaka jana alianza kukojoa damu. Aliona haya, akanyamaza. Mkewe alipokuja kujua, miezi mitano ilikuwa imepita. Hospitali ya rufaa wakasema ni kansa ya kibofu cha mkojo. Akiwa bado kitandani, kandarasi yake ya kazi ikaisha na haikuandikwa upya. Tulipomtembelea tulikuta ng'ombe wa maziwa ameshauzwa, na mtoto wa kidato cha pili yuko nyumbani kwa ajili ya karo. Sare imetundikwa nyuma ya mlango. Wageni wakiuliza, wanaambiwa baba yuko likizo.

Sasa tuseme wazi yale yanayosemwa kisimani. Wengine wanasema ugonjwa wa sehemu hizo ni wa uasherati. Wengine wanasema ati amerogwa. Hapana, jamani. Mwaka wa 2022 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, ambalo ni tawi la Shirika la Afya Duniani, liliiweka kazi ya uzimamoto katika kundi la kwanza la mambo yanayoleta saratani kwa binadamu. Tumbaku imo katika kundi hilo hilo. Walipata ushahidi wa kutosha kwa saratani mbili: ya utando wa mapafu, ile inayojulikana sana kwa vumbi la asbesto, na ya kibofu cha mkojo. Moshi wa godoro, plastiki, rangi na nyaya una sumu. Huingia kwa pua, huingia hata kwa ngozi, na masizi hubaki kwenye sare. Figo huichuja sumu hiyo na kuipeleka kwenye kibofu, ikakaa humo mpaka mtu aende haja. Hatusemi kwamba kila mzimamoto ataugua, wala hakuna daktari atakayetuonyesha ni moto upi uliomletea. Lakini mtu asituambie tena habari ya uchawi.

(Na mama mwenye mume au mtoto wa kazi hii: ile sare usiifue pamoja na nguo za watoto. Na damu kwenye mkojo, hata mara moja tu, hata bila maumivu, ni ya kupelekwa hospitali, si ya kufichwa.)

Hata huko kwenye mashine nyingi jambo hili limewakuta. Wazimamoto 343 wa New York walikufa siku moja, tarehe 11 Septemba 2001. Kufikia mwaka wa 2023, wenzao waliokufa baadaye kwa magonjwa yaliyotokana na vumbi na moshi wa mahali pale walikuwa wamefika idadi ile ile, 343. Mmoja wao, Ray Pfeifer, alikwenda kwa wabunge wa Marekani akiwa mgonjwa, kwenye kiti cha magurudumu, kudai wenzake waendelee kutibiwa. Sheria ikapatikana mwaka wa 2015. Yeye alifariki mwaka wa 2017.

Turudi kwetu. Tumesikia mzee mmoja akiuliza: huyu si alikuwa na mshahara wa serikali, mbona atusumbue sisi wa jembe? Swali ni la haki. Jibu ni kwamba mshahara umekwisha, na mwenye mshahara ukikatika huanguka haraka kuliko mkulima, maana hakupanda kitu.

Mtasema basi tuite harambee. Tunaomba tuwe waangalifu. Miaka michache iliyopita sisi wenyewe wa ofisi tuliwasaidia kuandaa harambee ya mgonjwa mwingine. Hema, viti, kipaza sauti na wali wa wageni vilikula karibu nusu ya mchango. Zilizobaki zilimaliza deni la hospitali, na mwezi uliofuata mgonjwa alikosa nauli ya kwenda kutibiwa. Hakuna aliyeiba. Tulipanga vibaya, na lawama hiyo ni yetu.

Safari hii tufanye kidogo kidogo na kwa muda mrefu. Kwanza bima. Tangu Oktoba 2024 NHIF iliondoka, ikaja SHA. Mwenye mshahara hukatwa kila mwezi, lakini asiye na mshahara hulipia mwaka mzima kwa pamoja, na kiwango cha chini kabisa ni shilingi 300 kwa mwezi, yaani 3,600 kwa mwaka. Yeye anaweza kupimiwa zaidi. Hiyo ndiyo pesa ya kwanza kutafutwa, kwa sababu bila bima gharama yote inamwangukia. Bima nayo ina kikomo chake kwa mwaka, kwa hiyo msidhani imemaliza mambo.

Pesa ya merigoraundi msiiguse. Ile ni ya yule ambaye zamu yake imefika, na kikundi kikivunjika hatutamsaidia yeyote. Toeni kwenye mfuko wa shida, kwa kura, na iandikwe kwenye kitabu. Mweka hazina asiwe ndugu wa mgonjwa, na mkewe aonyeshwe kitabu kila mwezi. Asiye na pesa ana mikono: shamba lao la mahindi halijapaliliwa hata mstari mmoja, na mama yule hawezi kupalilia na kulala hospitalini.

Kisha kuna haki yake, ambayo si sadaka. Katiba ya 2010 iliweka uzimamoto chini ya kaunti, kwa hiyo mwajiri anajulikana. Sheria ya mwaka wa 2007 ya fidia ya kuumia kazini inahusu pia magonjwa yanayotokana na kazi. Inahitaji barua ya daktari, na taarifa kwa mwajiri na kwa ofisi ya usalama na afya kazini. Muda wa kudai una kikomo, na miezi imeshaenda. Hatuwezi kuahidi kwamba atalipwa. Ofisi yetu itamsaidia kuandika, lakini tunahitaji wale waliokuwa sokoni usiku ule waje waeleze walichoona, nasi tuandike. Wenye maduka, tunawatazama nyinyi.

Jambo la mwisho. Anatakiwa hospitalini Jumatatu ya wiki ijayo. Nauli ya kwenda imepatikana, ya kurudi bado. Na hatujapata mwanamume wa kumsindikiza, maana kuna mambo ambayo mtu mzima hapendi kusaidiwa na shemeji yake. Kitabu kiko kwa katibu, pale mezani karibu na mlango.