Chumba cha Kupanga: Haki za Wanawake na Utambulisho wa Kijinsia Tukitazama Kalerwe

Mada kwa semina ya wasaidizi wa sheria na wajumbe wa mabaraza ya wanawake, Tarafa ya Kawempe



Waandaaji wameniomba nianze na maana za maneno. Nitayapitia haraka, kwani wengi wenu mmeyafundisha kabla yangu. Jinsi ni maumbile. Jinsia ni majukumu na matarajio ambayo jamii humbebesha mtu kwa sababu ya maumbile hayo. Utambulisho wa kijinsia ni namna mtu anavyojijua mwenyewe. Mwelekeo wa kimapenzi ni habari nyingine: mwanamke anayempenda mwanamke mwenzake anabaki mwanamke.

Wala swali la nani ahesabiwe katika harakati za wanawake halikuanza juzi. Lilikuwapo Nairobi mwaka 1985, wanawake wa dunia walipokutana pale. Lilikuwapo Beijing mwaka 1995, katika mkutano ambao Katibu Mkuu wake alikuwa Mama Gertrude Mongella wa Tanzania, Beverley Ditsie wa Afrika Kusini aliposimama kuwasemea wasagaji. Mwaka 2006 wanaharakati wa Afrika waliokutana Accra katika jukwaa lao la kifeministi waliandika Mkataba wa Misingi ya Ufeministi, wakataja ndani yake uhuru wa mwelekeo wa kimapenzi. Miaka miwili baadaye jukwaa hilo lilikutana hapa Kampala. Huko Uingereza, Mahakama ya Juu iliamua Aprili 2025 kwamba neno mwanamke katika Sheria ya Usawa ya nchi ile lina maana ya jinsi ya kuzaliwa. Mabishano yale yanahusu nafasi ambazo wanawake wa kule tayari wamehakikishiwa kisheria. Tukiyabeba mazima mazima kuja nayo hapa Kalerwe, tutaacha kilichopo mbele ya macho yetu.

Kilichopo ni hiki. Mwaka 2000 Bunge letu lilirekebisha Sheria ya Kanuni za Adhabu ili maneno yaliyotaja jinsi moja yawahusu watu wote. Kifungu cha vitendo vya aibu, ambacho hadi hapo kilimlenga mwanamume, kikamnasa na mwanamke. Usawa ukatufikia kwa njia ya adhabu, na nadhani hatujalijadili jambo hilo vya kutosha.

Halafu ikaja kesi ya Kireka. Julai 2005, mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la mtaa, aliingia usiku bila hati nyumbani kwa mwanaharakati Victor Mukasa, zikachukuliwa nyaraka, na mgeni aliyekuwamo, Yvonne Oyo, akakamatwa. Kituoni alivuliwa nguo kwa madai ya kuthibitisha jinsi yake. Tarehe 22 Desemba 2008, Jaji Stella Arach-Amoko aliamua kwamba faragha na utu wao vilivunjwa. Oyo alipewa fidia ya shilingi milioni 10, Mukasa milioni 3. Mukasa leo hujitambulisha kama mwanamume. Mahakama haikuhitaji kuamua nani ni mwanamke halisi ili ione kwamba nyumba imevamiwa na mtu amevuliwa nguo. Ningependa mashirika yetu yafikie hapo, na hapo ndipo nimekuwa nikigonga mwamba kwa miaka mingi.

Maana tatizo letu hapa ni chumba. Msichana anayeuza nyanya Kalerwe anapanga chumba kimoja karibu na soko. Humo ndimo anamolala, ndimo anamoweka bidhaa zake, na kwa kuwa anakaa hapo LC inamjua. Siku jirani anaponong'ona kwamba hana mume na rafiki yake halali kwingine, mwenye nyumba anabadilisha kufuli. Asubuhi hiyo binti amepoteza kitanda, mtaji na barua ya utambulisho ya LC. Wapo waliotolewa hivyo kwa sababu tu wanavaa suruali na kunyoa nywele. Mnong'ono haumuulizi mtu anajitambulishaje.

Sheria ya 2023 dhidi ya mapenzi ya jinsi moja iliupa mnong'ono huo nguvu. Kifungu cha 9 kilimtishia mwenye nyumba kifungo cha hadi miaka 10, na cha 14 kilimlazimisha kila mtu kutoa taarifa. Lakini tarehe 3 Aprili 2024 Mahakama ya Katiba, ingawa iliiacha sehemu kubwa ya sheria, ilivifuta vifungu hivyo viwili pamoja na 11(2)(d) kinachohusu kukodisha nyumba. Miongoni mwa waliofungua kesi walikuwamo Profesa Sylvia Tamale, Solome Nakaweesi na Kasha Nabagesera, wanawake ambao hawakungoja tukubaliane kwanza. Hata hivyo, kwenye vibaraza vyetu vifungu vilivyofutwa vinaendelea kutumika. Mwenyekiti anavitaja, mwenye nyumba anaviamini, polisi wa zamu hamsahihishi.

Nimepeleka mafaili ya wapangaji waliofungiwa nje hivyo kwenye ofisi za haki za wanawake, nikarudishwa nayo: hili si la wanawake, lipeleke kwa wanaohusika. Naielewa hofu yao. SMUG, shirika la kutetea haki za wapenzi wa jinsi moja, lilifungwa Agosti 2022. Kosa la kukuza mapenzi ya jinsi moja bado lipo, na kwa shirika faini ni hadi shilingi bilioni 1. Wapo pia dada zetu wanaohofia kwa dhati kwamba tukilishika hili, wabunge watapata kisingizio cha kuziangusha hoja za ndoa na ardhi tulizozipigania tangu miaka ya tisini. Nawaheshimu, ila sikubaliani nao. Sheria ile ile ya 2023 inasema kwamba anayeshukiwa tu, bila kitendo, hajatenda kosa la mapenzi ya jinsi moja. Kumtetea mpangaji aliyefungiwa nje si kukuza chochote. Na Sheria ya Mwenye Nyumba na Mpangaji ya 2022 inataka amri ya mahakama kabla ya mtu kutolewa. Haiulizi analala na nani.

Kwa hiyo napendekeza, kwa tahadhari zote ambazo waandaaji wameniomba:

1. Kila msaidizi wa sheria awe na nakala ya uamuzi wa Aprili 2024, kurasa za vifungu vilivyofutwa zikiwa zimewekwa alama.

2. Faili lifunguliwe kama kesi ya upangaji. Sehemu ya mwelekeo wa kimapenzi isijazwe. Haihitajiki, na inaweza kumfunga mteja.

3. Mabaraza ya wanawake yawape wenyeviti wa LC1 mafunzo mafupi kwa Kiganda kuhusu amri ya mahakama.

4. Bidhaa zidaiwe siku hiyo hiyo, kabla ya kodi na kabla ya maneno mengine. Nyanya hazingoji.

5. Mashirika ya wanawake yaache kumuuliza mlalamikaji yeye ni nani kabla ya kumuuliza amefanywa nini.

6. Polisi wa Kawempe waombwe kwa maandishi wasitumie vifungu vilivyofutwa, na barua ipigwe muhuri wa kupokelewa.

7. Rufaa dhidi ya uamuzi huo wa Aprili 2024, iliyoko Mahakama ya Juu ya Uganda, ifuatiliwe, na pendekezo la kwanza lirekebishwe siku uamuzi utakapotoka.

8. Narudia la pili: kesi ya upangaji. Mtu atakayekuja kesho na godoro kichwani apokelewe kama mpangaji, aandikiwe barua ya madai kabla mahakama ya Kawempe haijafunga saa kumi na moja.