Usinunue Rangi, Nunua Shingo



Juma lililopita mpwa wangu alinipigia simu kutoka Salale, kule delta ya Rufiji. "Shikamoo mjomba. Vijana tumechanga fedha za uvuvi wa kamba, tunataka gitaa la besi. Lipo la bei ya chini, na lipo la bei mara nne yake. Tuchukue lipi?"

Nikakumbuka kosa langu mwenyewe. Ujanani nilinunua besi jekundu linalong'aa, nikaenda nalo pwani. Masika hayajaisha, shingo ikapinda, nyuzi zikapanda juu, na kila nota niliyopiga ikawa ya uongo.

Tangu Leo Fender wa Marekani alipotoa besi lake la umeme mwaka 1951, umbo halijabadilika sana. Nyuzi nne nene huivuta shingo kwa nguvu inayozidi kilo 60, usiku na mchana. Ndani ya shingo mna nondo ya chuma ya kupingana na mvuto huo. Ubao ukiwa haukukauka sawasawa, au nondo ikawa haikaziki, gitaa limekwisha. Na hewa ya chumvi haina huruma.

Hata hivyo, ghali si lazima iwe bora. Siku hizi mashine hukata vizuri hata mbao za gitaa la bei nafuu. Kinachozidi katika la ghali ni ubao uliochaguliwa, milia ya chuma iliyosawazishwa kwa mkono, funguo zisizolegea na vinasa sauti visivyovuma. Bei inayobaki ni ya jina.

Nikamwambia: "Mwanangu, lichungulie shingoni kama fundi wa mashua anavyochungulia ubao. Pitisha kiganja ukingoni. Milia ikikukwaruza, ubao umesinyaa. Kaza nyuzi, subiri nusu saa, zipime tena. Funguo na vinasa sauti hubadilishwa kwa fedha kidogo. Shingo iliyojikunja haina dawa. La bei ya chini likifaulu, lichukueni, fedha inayobaki mnunue spika. Yote mawili yakishindwa, rudini nyumbani na fedha zenu."

Akacheka. "Mjomba, lile jekundu ndilo zuri kwa macho!"

Ndugu zangu, fedha ya kamba hutoka kwenye tope na mbu. Isiishie kwenye rangi.

Kwaherini, hadi juma lijalo.