Kabla ya kupigia barabara makofi, uliza kuhusu mpangaji

1. Wengi mliomba maandishi ya niliyosema kwenye mazungumzo ya jana usiku. Ndiyo haya. Sitataja chama wala mheshimiwa yeyote. Leo ni hoja moja tu: barabara na fidia.

2. Tuanzie Detroit, Marekani. Kuna barabara inaitwa I-375. Haifiki hata kilomita mbili. Kazi yake ni kutoa magari kwenye barabara kuu ya I-75 na kuyaingiza katikati ya mji. Ilifunguliwa 1964.

3. Ilipita wapi? Mitaa ya Black Bottom na Paradise Valley. Watu weusi walijazana huko kwa sababu kwingine walinyimwa nyumba. Pale Hastings Street walikuwa na maduka, vinyozi, kumbi za muziki. Wakubwa wakasema ni mabanda tu, yabomolewe.

4. Sasa sikiza. Wengi walikuwa wapangaji. Nyumba ikibomolewa, mwenye nyumba ana karatasi ya kudai malipo. Mpangaji ana godoro. Na mwenye duka la kukodi hupoteza wateja, ambao hawana hatimiliki.

5. Mwaka 2022 serikali kuu ikatoa dola milioni 104.6 kusaidia kuiondoa barabara hiyohiyo, iwe barabara ya kawaida ya mjini. Gharama zikapanda, na 2025 mradi ukasimamishwa. Kubomoa mtaa ni rahisi. Kuurudisha, hapo ndipo kazi.

6. Turudi nyumbani. Katiba yetu, Kifungu cha 40(3), inasema serikali ikichukua ardhi yako lazima ikulipe fidia ya haki, kamili na bila kuchelewa. Lakini 40(4), kuhusu anayekaa hapo kwa nia njema bila hatimiliki, inasema tu kwamba fidia *inaweza* kutolewa. Lazima na inaweza si ndugu. Mama mboga na fundi wako kwenye "inaweza".

7. Kwa hivyo jukwaani wakiahidi barabara, usibishane kuhusu lami. Barabara tunazihitaji. Uliza matatu:
– Asiye na hatimiliki yuko kwenye bajeti?
– Pesa zinakuja kabla ya tingatinga, ama baadaye?
– Wanaohamishwa wanaenda wapi?

8. Akijibu kwa wimbo na densi, umeshapata jibu. Wa kwenu kuna barabara inakuja? Tuambie hapa chini wameahidiwa nini.