Mzaha Mkali katika Hadithi za Picha

Viongozi wa vikundi, hakikisheni kwamba kila mtu amepata mahali pa kukaa na anasikia vizuri.

Leo tutazungumza juu ya hadithi za picha, hasa zile zenye mzaha mkali: matusi, ulevi, fumanizi, na watu waliochorwa maumbile ya ajabu ili tuwacheke. Wako wasemao, “Huu ni uchafu, uchomwe moto.” Wengine husema, “Ni mchezo tu.” Tuyapime maneno ya pande zote mbili.

Mzaha huu si wa jana. Katika gazeti la Uhuru, wasomaji walimjua Chakubanga, aliyechorwa na Christian Gregory. Huyu alikuwa mtu wa shamba aliyeingia mjini, na vituko vyake viliwavunja watu mbavu. Katika miaka ya 1970 Saidi Bawji na Nico ye Mbajo walianzisha gazeti la Sani; jina hilo limetokana na mwanzo wa majina yao, Saidi na Nico. Humo walikuwamo Ndumilakuwili na Lodi Lofa. Angalieni majina yenyewe. Ndumilakuwili ni mtu wa kuuma huku na huku, na lofa ni mtu asiye na kazi. Msomaji ameonywa kabla ya kufunua ukurasa.

Tena kuna faida. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na wengi walijifunza kusoma katika madarasa ya ngumbaro. Mtu aliyejua kusoma juzi huchoshwa na kitabu kinene. Lakini picha ikimchekesha, atajikaza mpaka asome maneno yaliyoandikwa pale. Kicheko nacho ni mwalimu.

Je, basi kila mzaha ni halali? Hapa na tujifunze kwa watani. Mnyamwezi na Mzaramo ni watani tangu zamani za misafara ya kwenda pwani. Mtani aweza kukutukana mbele za watu, hata msibani akamwigiza marehemu. Lakini utani una sheria. Wewe nawe waweza kumrudishia. Tena mtani yule yule anayekutania ndiye anayeshika kazi mazikoni. Ulimi wake ni mkali, lakini ana wajibu kwako.

Picha katika kitabu haina wajibu huo. Mchoraji hakujui, na aliyechorwa hawezi kujibu. Mwaka 1931, huko Ubelgiji, Hergé alitoa kitabu cha Tintin akiwa Kongo. Humo jirani zetu wa ng'ambo ya Ziwa Tanganyika walichorwa kama watu wajinga, wenye midomo minene kupita kiasi, ili watoto wa Kizungu wacheke. Wakongo walikuwa chini ya utawala wa Wabelgiji. Wangemjibu nani? Ule haukuwa utani, maana mmoja alisema na mwingine alinyamazishwa.

Nasi tujitazame. Je, katika vitabu vyetu hatuwacheki kilema, mjane, au msichana aliyedanganywa, huku aliyemdanganya akionekana hodari? Mtoto akiona hivyo mara nyingi, atadhani ndivyo ulimwengu ulivyo. Kesho atamcheka mwenzake darasani, na yule mwenzake ataacha shule kwa aibu.

Kwa hiyo tusichome vitabu, wala tusivimeze vizima. Vya watu wazima tuviweke mbali na watoto, na tusivisome kwa sauti mbele ya wakwe. Halafu kila picha tuiulize maneno matatu. Anayechekwa ni nani, mwenye nguvu au mnyonge? Angekuwapo hapa, angeweza kujibu? Na kicheko kikiisha, tumebaki na nini? Mzaha unaomvua nguo mla rushwa wafaa, hata ukiwa mkali. Mzaha unaomkanyaga aliyekwisha kuanguka haufai, hata ukiwa na maneno laini.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi:

1. Watani wenu ni watu gani, na ni jambo gani ambalo hata mtani hana ruhusa kulisema?

2. Chagueni hadithi moja ya picha mnayoijua. Ni nani anayechekwa humo, na kwa sababu gani?

3. Mtoto akiikuta hadithi hiyo nyumbani, mtamwambia nini?