Kompyuta ya Gari la Kikundi: Pima Kwanza, Nunua Baadaye

Mazungumzo na viongozi wa vikundi vya kujisaidia, Kisiwani Mombasa

Najua wengine mmevuka feri ya Likoni alfajiri na wengine mmetoka Kilifi na Mariakani.

Leo tutazungumza juu ya gari la kikundi. Mtauliza, kwani mfanyakazi wa ustawi wa jamii na magari wapi na wapi? Mimi si fundi. Lakini nimekaa na mafundi wa umeme wa magari hapa kisiwani, nikawauliza maswali mengi, kwa sababu nimeona vikundi vikigombana na hata kuvunjika kwa ajili ya spea moja. Spea hiyo ni kisanduku kidogo ambacho mafundi hukiita kompyuta ya gari, wengine kontroboksi.

Zamani mzigo wa Mombasa ulishuka Bandari ya Kale, pale Mji wa Kale, kwa majahazi. Leo magari yanashuka Kilindini, mengi yakiwa yametumika Japani. Sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika ambalo umri wake umepita miaka 8. Basi hata gari tunaloliita kuukuu limejaa umeme ndani. Gari la kabureta na pointi, ambalo fundi wa kijijini alilitengeneza kwa bisibisi na msasa, linazidi kuwa adimu.

Kisanduku hiki hufanya kazi gani?

Mfikirie katibu wa kikundi. Yeye hupokea habari kutoka kwa wanachama, kisha hutoa maagizo. Kompyuta ya gari ni hivyo hivyo. Hupokea habari kutoka kwa sensa: injini ina joto kiasi gani, hewa inayoingia ni kiasi gani, krenki inazunguka kwa kasi gani. Halafu huagiza injekta zimwage petroli kiasi fulani, na plagi zitoe moto wakati fulani.

Sasa, wanachama wakimletea katibu habari za uongo, maagizo yatakuwa mabaya, si ndiyo? Je, kosa ni la katibu? Hapana. Na katibu asipopewa chakula, yaani umeme wa betri, hatafanya kazi hata akiwa mzima. Shikeni mfano huu, kwa maana ndio kiini cha mazungumzo yetu. Gari likizima, kompyuta hulaumiwa mapema, lakini mara nyingi kosa liko kwenye waya, soketi, sensa au betri.

Yaliyokipata kikundi kimoja

Kikundi kimoja cha kina mama nilichokuwa nikikitembelea kilikuwa na pikapu ya kupeleka mboga soko la Marikiti. Pikapu ikaanza kuzima njiani. Fundi akasema, "Kompyuta imekufa." Mwenyekiti na mweka hazina wakatoa shilingi 28,000 bila kikao, wakanunua kisanduku kilichotumika. Risiti hakuna.

Gari likaenda siku tatu, likazima tena. Mwenye duka akakataa kurudishiwa. Fundi wa pili alipopima, akakuta waya wa athi, ule unaotoka upande wa hasi wa betri kwenda kwenye bodi, umeliwa na kutu. Mbona basi lilikwenda siku tatu? Kwa sababu fundi wa kwanza alipofungua betri ili abadilishe kisanduku, waya ule ulitikisika ukashika kidogo. Kina mama wakadhani ni kisanduku kimewaponya!

Waya ulibadilishwa kwa pesa kidogo tu. Lakini zile 28,000 zilikuwa akiba ya karo ya Januari, na wanachama waliposikia zimetoka bila kikao, wengine walijitoa. Gari lilipona, kikundi hakikupona upesi.

Kabla hamjasema kompyuta imekufa

Mwambieni fundi awaonyeshe haya moja baada ya jingine, na mwanachama mmoja asimame hapo akiandika.

1. Betri. Gari likiwa limezimwa, mita isome kama volti 12.4 hadi 12.7. Injini ikinguruma, isome kama 13.5 hadi 14.7. Umeme ukiwa mdogo mno au mwingi mno, kompyuta huchanganyikiwa.

2. Fyuzi na rilei. Kisanduku kina fyuzi yake na rilei yake. Zikiungua, gari halina kompyuta hata kama kisanduku ni kizima.

3. Waya wa athi. Hapa pwani upepo wa chumvi hula vyuma, na wenye kuegesha karibu na bahari wanajua. Weka mita kati ya hasi ya betri na chuma cha injini huku unapiga stata. Ikipita nusu volti, athi hiyo haifai.

4. Soketi. Zifunguliwe zitazamwe kama zina maji, kutu au pini iliyopinda.

5. Taa ya injini kwenye dashibodi. Ukifungua swichi kabla ya kupiga stata, iwake. Injini ikishika, izime. Isipowaka kabisa, huenda balbu imekufa au kisanduku hakipati umeme. Ikibaki inawaka, kuna kosa limeandikwa ndani.

6. Mashine ya kusoma makosa. Huchomekwa chini ya dashibodi ikatoa namba. Kwa mfano, P0335 huhusu njia ya sensa ya krenki. Angalieni, nimesema njia. Namba haisemi "nunua sensa." Inaweza kuwa ni sensa, waya wake, au soketi yake. Fundi anayesoma namba kisha akaenda moja kwa moja dukani hajapima bado.

Yote haya yakiwa sawa, umeme na athi vinafika kwenye kisanduku, na habari za sensa zinafika, lakini maagizo hayatoki, hapo ndipo tukilaumu kisanduku tutakuwa na haki.

Hata hapo, ulizeni swali moja zaidi: ni nini kimekiua? Koili ya plagi au waya uliogusana unaweza kukiunguza. Mkifunga kipya bila kuondoa chanzo, nacho kitaungua siku hiyo hiyo.

Mkishakubaliana kununua

Kwanza ulizeni kama chaweza kutengenezwa. Kwa visanduku vya magari ya zamani, mara nyingine ni kapasita tu zimevuja, na fundi stadi wa elektroniki anaweza kuzibadilisha.

Kama ni kununua, chukueni kisanduku chenu cha zamani mwende nacho dukani. Msiende na jina la gari tu. Kina kibandiko chenye namba. Kwa magari mengi ya Toyota namba ya kompyuta ya injini huanza na 89661, halafu tarakimu nyingine. Namba yote ifanane, si ya mwanzo tu. Gari la gia za mkono na la otomatiki huweza kufanana sura, lakini visanduku vyao ni tofauti.

Tena angalieni ufunguo. Magari mengi ya siku hizi yana kinga ya wizi: kompyuta huutambua ufunguo wake, ikiona mgeni hukataa kuwasha. Kisanduku kutoka gari jingine hakiujui ufunguo wenu. Hivyo muuzaji atoe pamoja na ufunguo na sehemu zake za kinga, au pawe na fundi wa kukipanga kwa mashine. Gharama ya kupanga iulizwe kabla ya kulipa, isije ikawa ndiyo ya kuwashtua baadaye.

Wakati wa kufunga, swichi izimwe na waya wa hasi wa betri ufunguliwe kwanza. Soketi zisivutwe kwa waya. Kikishafungwa, injini huweza kunguruma vibaya kidogo mwanzoni mpaka kisanduku kizoee. Jaribuni gari likiwa baridi, likiwa moto, na likiwa na mzigo, siyo kuzunguka gereji mara moja tu. Kisha makosa yasomwe tena.

Kukitunza

Mwambieni dereva: asipige injini maji ya presha. Akipita mafuriko, kama yale yaliyoikumba Mombasa Novemba 2023, asilazimishe. Akiazima umeme wa betri ya gari jingine, asichanganye chanya na hasi. Na akipeleka bodi kuchomelewa, betri ifunguliwe kwanza. Kwa magari mengi ni heri soketi za kompyuta nazo zitolewe.

Pesa na imani

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Gari ni mali ya wote, kwa hiyo uamuzi mkubwa usifanywe na wawili. Wekeni kiasi ambacho viongozi wanaweza kutumia wenyewe gari likiharibika njiani. Kikizidi hapo, kikao kiitwe. Tafuteni bei za maduka matatu. Risiti iandikwe namba ya kisanduku na siku za kukirudisha. Kisanduku cha zamani kirudi kwa kikundi, kwa sababu kina thamani, na fundi mwingine anaweza kukipima.

Msimdharau fundi anayesema, "Nipeni siku moja nipime." Mlipeni siku yake. Mara nyingi mnayekimbilia ni yule anayetaja spea haraka, kwa kuwa anaonekana ndiye anayejua. Kumbe aliyepima ndiye aliyewaokolea pesa.

Maswali ya kujadili kikundini

1. Nani katika kikundi chetu husimama na fundi gari likitengenezwa, na huandika wapi?
2. Viongozi wetu wanaweza kutumia pesa kiasi gani bila kikao? Kila mwanachama anakijua kiasi hicho?
3. Mara ya mwisho tuliponunua spea, tulipima au tulikisia?
4. Kuna kijana wetu anayeweza kujifunza umeme wa magari, kikundi kikamsaidia karo naye akatusaidia kwa kazi?

Nendeni mkayajadili bila haraka. Na leo jioni, kabla hamjalala, mtu mmoja akatazame ule waya wa hasi wa betri.