Mvua Inapokoroga Tope la Kibarani

Leo tuzungumze kuhusu mvua na kile inachokibeba.

Kibarani waijua. Ukitoka kisiwani ukavuka Makupa, ndiyo ile kando ya barabara. Kwa miaka mingi takataka za mji zilimwagwa pale, ukingoni mwa maji. Abiria wa matatu walikuwa wakiziba pua mpaka wapite. Mwaka 2018 jaa lile lilifungwa, kisha likafunikwa udongo na miti ikapandwa. Ni jambo jema, sina ubishi nalo. Lakini sufuria ikifunikwa, kilichomo bado kimo.

Na kilichomo si maganda ya ndizi tu. Katika taka za mji mna betri, rangi kuukuu, nyaya na vyuma. Humo hutoka risasi, yaani ile madini nzito wavuvi wanayofanyia chubwi, na pia shaba, zinki na kadimiamu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulipima tope la hori ya Makupa na la Port Reitz. Madini hayo yalionekana kuwa mengi zaidi Makupa.

Sasa sikiliza vizuri, maana hapa ndipo penye jambo. Siku za kiangazi madini hayo hutulia. Tope jeusi la mikokoni, lile lenye harufu ya yai viza, halina hewa ndani yake, na madini hushikamana nalo yasiende mbali. Huko Uingereza na Marekani watu hutumia njia kama hiyo kwa makusudi: maji ya migodi ya zamani hupitishwa polepole katika mabwawa ya matete ili madini yazame. Hakuna mashine, ni utulivu tu ufanyao kazi.

Mvua kubwa huuvunja utulivu huo. Masika yakianza, maji ya kwanza huosha vumbi na uchafu uliolala miezi yote ya kaskazi. Mengine hupenya ardhini, yakapita katika taka zilizofukiwa, yakatokea chini yamebeba yaliyoyeyuka. Na mafuriko yakiingia horini kwa nguvu hukoroga lile tope. Likiingiwa na hewa, baadhi ya madini huachia na kuingia majini. Risasi yenyewe hupenda zaidi kusafiri imeng'ang'ania chembe za udongo. Kwa hiyo maji ya rangi ya chai ya maziwa baada ya dhoruba ndiyo ya kuogopa zaidi.

Najua utaniuliza: "Nikiyachemsha je?" Mama, kuchemsha huua vijidudu vya kipindupindu na homa ya matumbo, endelea kuchemsha. Lakini risasi si kijidudu, haifi. Maji yakipungua motoni, yenyewe hubaki palepale. Dawa ya klorini nayo haiiondoi. Kwa hivyo kisima kifupi kilicho karibu na jaa au mtaro, kikiingiwa na maji ya mafuriko, kiache. Tafuta maji mengine ya kunywa na ya kupikia mtoto uji, hata kama ni madumu mawili tu ya kununua. Najua bei ya dumu mvua ikinyesha. Basi haya ya kisima yafulie nguo.

Watoto ndio wenye hatari kubwa. Mwili wa mtoto mdogo huweza kufyonza risasi mara nne au tano kuliko wa mtu mzima, na huenda kwenye ubongo. Shirika la Afya Duniani lasema hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama. Mama mjamzito akiwa nayo, humfikia aliye tumboni. Kule Owino Uhuru, Mikindani, kulikuwa na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu, na wakazi walidhurika kwa risasi. Mwaka 2020 mahakama ya Mombasa iliamuru walipwe shilingi bilioni 1.3. Amri hiyo ilitenguliwa, kisha Mahakama ya Juu ikairejesha mwaka 2024. Pesa hizo hazimrudishii mtoto akili iliyopotea.

Basi mvua ikikatika, usiwaache watoto wacheze kwenye madimbwi ya ufukweni pale. Viatu vyenye tope vibaki mlangoni. Tope likikauka sakafuni, futa kwa kitambaa kibichi. Ukifagia kavu, vumbi litapanda mpaka kwenye chakula. Mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kula, na kucha zikatwe. Chaza na kombe wa hori ile usiwaokote, kwa sababu wao huchuja maji na kubaki na uchafu. Afadhali mwanao umnunulie samaki wa bahari kuu.

Tena usimwache mtoto na njaa, kwani tumbo tupu hufyonza risasi zaidi. Maziwa, mchicha, kunde na dagaa humsaidia.

Na ikiwa mtoto amepauka, analalamika tumbo, hapati choo vizuri, au amekuwa mzito wa kujifunza, mpeleke kliniki. Mara nyingi hata dalili hamna, na kumtazama tu hakutoshi. Mwambie daktari waziwazi mnakoishi na maji mnayokunywa, kisha uliza kama damu yake yaweza kupimwa risasi.